Chumba cha nyuma: niliyowaambia wazazi wa Kihonda kuhusu usalama kwenye kiti cha meno

Jumamosi iliyopita niliongea na wazazi na akina mama wa vikoba hapa Kihonda, Morogoro. Wengi walikosa sababu ya mvua na wengine walikuwa msibani, wameomba niwawekee yote, kwaiyo nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Dada zangu, wadogo zangu, habari za mchana.

Mwenyekiti kanitambulisha kama daktari, naomba nirekebishe hapohapo. Mimi sio daktari. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, mwaka huu ni wa 14. Yule dada anayekufunga kitambaa kifuani, anayeshika ule mrija unaofyonza mate, alafu ukishainuka anakusanya vile vyuma kwenye trei anapotelea navyo nyuma, ndio mimi. Na leo nataka niongelee huko nyuma ninakopotelea, kwasababu daktari mnamuona, kiti mnakiona, taa mnaiona, TV ukutani mnaiona, lakini kinachoamua kama utatoka salama au utatoka na ugonjwa wa mtu aliyekaa kabla yako kiko kwenye chumba ambacho hamjawahi kuingia.

Hivi ni nani humu ameshawahi kung'olewa jino? Nyoosheni mikono. Haya, karibu wote. Sasa ni nani aliwahi kuuliza lile koleo limetoka mdomoni kwa nani na limeoshwaje?

Mmoja. Mama mmoja pale mbele. Hongera sana mama yangu, na nitarudi kwako.

Jamani, kuuliza tunajua. Soko la Kingalu mtu akinunua samaki anafunua mashavu aone wekundu, nyanya anazigeuza moja moja, kuku anampuliza manyoya. Mtu huyohuyo akija kwetu anafungua mdomo na maswali yote yanaishia hapo. Kwanini? Tunamuogopa daktari? Tunaona ni utovu wa adabu? Mimi nawaambia kutoka ndani, mgonjwa anayeuliza ananifanya nioshe vizuri zaidi. Ulizeni. Mkisahau yote ya leo bakini na hilo moja, ulizeni.

Nianze na nilikoanzia kazi. Sio hapa Morogoro na sitapataja. Tulikuwa na seti chache sana za koleo na wagonjwa kuanzia asubuhi wamejaa kwenye benchi. Koleo likitoka kwa mtu linafutwa damu, linatupwa kwenye beseni la jiki, linasuuzwa, linapanguswa spiriti, linarudi kwenye trei kwa mtu mwingine. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya, miezi 8. Mashine ya kutakasa ilikuwepo, imefunikwa kitambaa, imeharibika kabla sijafika. Sijui kama kuna mtu niliyemuumiza, nalala na hilo swali mpaka leo, na ndio limenileta hapa mbele yenu.

Sasa kinachotakiwa ni nini?

Chombo kikitoka mdomoni kwako kinaenda kwanza kwenye beseni la jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, dakika 10, sio zaidi maana jiki inakula chuma. Hapo bado hakijawa salama kwako, hapo nimejilinda mimi ninayekiosha. Alafu brashi na sabuni, ndani ya maji ili yasinirukie usoni, na hapa ndio penye kazi yenyewe. Koleo la magego mdomo wake kwa ndani una mistari kama tupa ya kunolea panga, ndio inayolifanya lishike jino lisiteleze, na kwenye ile mistari ndio damu inajificha. Ukiangalia haraka unaona chuma kinang'aa. Ukilisogeza kwenye taa ukalifungua taratibu unaona kauzi keusi kamekauka kwenye kona. Ile ni damu ya mtu. Na mvuke hata uwe mkali vipi haupenyi damu iliyogandia, unaipika tu ikashika zaidi. Kwaiyo kuosha kwa mikono na macho kunatangulia mashine yoyote.

Kikishakauka kinaingia kwenye pakiti yake, upande karatasi upande plastiki, kinaandikwa tarehe, ndio kinaenda kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke. Nani hapa anapikia maharage presha kuka? Si mnaona yanavyoiva haraka? Ni kwasababu mvuke ukifungiwa joto linapanda kupita nyuzi 100 ambapo sufuria ya wazi inaishia. Otoklevu ni hivohivo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, na hizo dakika zinaanza kuhesabiwa joto likishafika, sio ukishabonyeza kitufe. Ukijumlisha muda wa kupanda na wa kukausha inaweza kukaribia saa nzima. Ukiona sehemu wana seti mbili na wagonjwa ishirini asubuhi moja, hesabu piga mwenyewe.

Kuchemsha sufuriani je? Haitoshi. Spiriti je? Haitoshi. Kupitisha kwenye moto wa kibiriti je? Haitoshi. Kuna vijidudu, wa pepopunda wakiwemo, wanajifungia kwenye ganda gumu na maji ya kuchemka wanayavumilia. Na kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado kikaambukiza. Siku saba! Mtu kang'olewa Jumatatu, wewe unakuja Ijumaa.

Alafu drili. Watu wanadhani drili inafutwa tu kwasababu haichomi. Drili ikisimama inaweza kuvuta mate na damu kurudi ndani yake, kwaiyo nayo inachomolewa kwenye mrija wake inaenda otoklevu kati ya mgonjwa na mgonjwa, na ile mirija ya maji tunaiacha imwage sekunde 20 mpaka 30 kabla hujakaa. Ukituona tunamwaga maji kwenye sinki mwanzoni usione tunapoteza muda.

Kuna Alhamisi moja umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Ndani kuna trei nane. Saa imeonesha joto limefika, dakika zimeanza, mara pap, giza. Jenereta ikagoma. Mtu angeweza kusema si lilishafika joto, toa tutumie. Hapana. Mzunguko ukikatika hauendelezwi, unaanzwa upya tangu mwanzo. Nje kuna watu kumi na mmoja, wengine wametoka mbali, daktari akatoka mwenyewe akawaambia vifaa havijawa tayari, tusameheni, rudini kesho. Baba mmoja alikuwa ametoka Dumila, shavu limevimba jicho linakaribia kufunga, huyo hatukumrudisha, vilikuwa vimebaki vifurushi viwili vya jana yake vimefungwa vizuri, kimoja kikafunguliwa kwa ajili yake. Wengine walinuna na wana haki ya kununa, nauli ni nauli. Lakini mtu anayekwambia rudi kesho kwa sababu hiyo anakupenda kuliko anayekuhudumia leo na vyombo vya kubahatisha.

Na msidhani haya ni ya umaskini wetu tu. Mwaka 2013 huko Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, wagonjwa kama 7,000 wa daktari mmoja wa upasuaji wa kinywa waliandikiwa barua wakapime damu, VVU na homa ya ini B na C. Wakaguzi walikuta vyombo vyenye kutu, mashine ya kutakasa haijafanyiwa kipimo kwa miaka, na wasaidizi, watu kama mimi, walikuwa wanawachoma wagonjwa dawa za usingizi ambazo hawakuruhusiwa kuzigusa. Baadae vipimo vya vinasaba vikaonesha kwamba mgonjwa mmoja alipata homa ya ini C ya mgonjwa mwingine palepale. Nchi tajiri, jengo zuri, vyeti ukutani. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda chumba cha nyuma na kuuliza.

Kile kipimo cha mashine ni kitu rahisi. Kuna vichupa vyenye bakteria wagumu sana kwa joto, kila wiki unaweka kimoja ndani pamoja na vyombo, alafu unakisubirisha uone kama kuna kitakachoota. Kisipoota mashine inaua. Kikiota unasimamisha kazi. Sisi tunaandika kwenye daftari la kaunta, jalada la kijani, na daftari hilo mtu yeyote akiomba anaoneshwa.

Kwaiyo ukikaa kwenye kiti sema hivi: naomba pakiti ifunguliwe mbele yangu. Basi. Unasikia karatasi inachanika, unaona tarehe, unaona alama iliyobadilika rangi. Ile alama inathibitisha pakiti imepita kwenye joto, haithibitishi niliosha vizuri, ndio maana nasema na daftari muulizie.

Sasa sindano na vyombo vyenye ncha, na hapa nitasema kitu ambacho hata majirani zangu wengine hawakijui.

Mwaka wangu wa pili kazini, saa kumi jioni, nimechoka, nimevaa zile glavu nyembamba za kumpimia mgonjwa badala ya zile nene za kuoshea, naingiza mkono kwenye beseni lenye povu bila kuangalia. Kilikuwa kile kichokonoo chenye ncha kama ndoano. Kikaingia kidole gumba cha kushoto, pembeni ya ukucha. Hakikuuma sana. Nikatoa mkono nikaona glavu ina tobo dogo kama la sindano ya cherehani, alafu nikaona wekundu unatambaa taratibu ndani ya glavu kuelekea kiganjani.

Trei za watu wanne zilikuwa zimechanganyika kwenye lile beseni. Cha nani? Sikujua na hakuna aliyeweza kunambia.

Nikaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kukamua, kukamua hakusaidii, nikaenda hospitali jioni ileile. Dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ndio bora, alafu unameza siku 28. Siku 28 za kichefuchefu, na nyumbani nina mtoto wa miaka miwili anataka kulala juu yangu. Nikaelezwa kwamba ukichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000, lakini homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100. Nikauliza, na mimi nimechanjwa? Yani ndio siku hiyo nimejua kwamba nilitakiwa kuchanjwa kabla hata sijashika chombo. Chanjo tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Hakuna aliyenitajia.

Nilipima mara ya mwisho baada ya miezi, nikawa mzima. Namshukuru Mungu, na chanjo zote tatu nikamaliza.

Ndio maana nawaomba mkituulizia vyombo mtuulizie na sisi. Wafanyakazi wenu wamechanjwa? Ni swali zuri, halimvunjii mtu heshima. Anayeosha vyombo akiwa salama na wewe uko salama.

Na ganzi. Kile kichupa kidogo cha kioo mnachokiona kinaingizwa kwenye bomba la chuma ni cha mtu mmoja. Mtoto anaweza kuhitaji nusu tu. Ile nusu nyingine inatupwa. Inauma kutupa dawa, najua, lakini sikilizeni kwanini. Kabla ya kusukuma daktari anavuta kidogo nyuma, aone kama sindano imeingia kwenye mshipa wa damu. Nimesimama pembeni nimeona mara nyingi, kwenye yale maji meupe kinaingia kitu kama uzi mwekundu, kinazunguka, kinapotea. Kile kichupa tayari kina damu ya mtu hata kama kwa macho hukioni. Kubadilisha sindano na kuendelea na kichupa kilekile kwa mwingine ni kumchoma damu ya mwenzie. Uliza tu, hiki kichupa ni kipya? Sindano ikimaliza inaingia kwenye lile boksi la njano hapohapo, haikai juu ya trei, na boksi likifika robo tatu linafungwa.

Sasa upande wenu. Kuna mzee wetu mmoja, Mungu amuweke, alikuja kung'oa gego la chini. Nikamuuliza, baba una tatizo lolote la kiafya, kuna dawa unatumia? Akasema hamna. Jino likatoka vizuri, kang'ata pamba nusu saa, kaenda. Saa tisa mchana kaletwa na bajaji, kanga ya mkewe imelowa damu yote. Kumbe anatumia warfarin, dawa ya kufanya damu isigande, ana miaka kadhaa nayo. Tukamshona, tukambana, tukampeleka hospitali ya mkoa, akapona. Nikamuuliza baba mbona hukunambia? Akanijibu mwanangu nimekuja jino sijaja moyo.

Nimefikiria sana lile jibu. Hakudanganya yule mzee. Sisi ndio hatukumueleza kwanini tunauliza. Kwaiyo leo naeleza. Presha, kisukari, moyo, pumu, ujauzito, mzio wa penisilini, dawa za kulainisha damu, vyote vinahusu jino. Na usiache dawa yako mwenyewe eti unaenda kung'oa, dawa ya moyo ukiiacha inaweza kukuua kuliko jino, njoo nayo kwenye mfuko tuione, daktari wako na daktari wa meno wataongea. Njooni na mfuko wa dawa, hata za mitishamba.

Wazazi wa watoto wa darasa la kwanza na la pili, hili ni lenu. Mtoto akifika kama miaka 6 kuna gego linaota nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto, na linaota bila jino lolote kung'oka. Kwasababu hakuna lililotoka mzazi anadhani na lenyewe ni la utoto. Likioza anasema ling'oeni litaota jingine. Mama, halioti jingine! Lile ni la maisha yake yote. Nenda nyumbani leo mwambie mtoto afungue mdomo, hesabu kuanzia katikati, la kwanza, la pili, ukifika la sita ndio hilo. Nimeona binti wa miaka 9 hana yote mawili ya chini, yametolewa na mtu wa mtaani kwa kuamini ni ya utoto, na mama yake analia kwenye kiti chetu anauliza tunaweza kuyarudisha.

Na kabla jino lolote halijang'olewa omba kioo, weka kidole chako mwenyewe juu ya linalouma, daktari alitaje kwa sauti. Yeye anakutazama uso kwa uso, kulia kwako ni kushoto kwake, kuchanganya kupo duniani kote.

Bibi zangu, hili nalisema kwa heshima. Meno ya plastiki, yale yanayosemwa yako kwenye fizi za mtoto mchanga. Mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba kwa juu na kuna weupe, anapelekwa kwa mtu anakatwa fizi anachimbuliwa. Ule weupe ni jino lake la chonge ambalo bado halijatoka. Nimeona kilichochimbuliwa, nimekishika mkononi, ni kajino kalaini kadogo kuliko punje ya mchele. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya, na anayekatwa fizi na kisu cha mtu anaweza kupata pepopunda, anaweza kuishiwa damu, na hata chonge la ukubwani linaweza kuota limeharibika. Hatuwalaumu mlioyafanya kwa kumpenda mjukuu. Tunaomba tu yaishie kwenye kizazi chetu.

La vyeti nitalipitia haraka. Daktari awe na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kituo kiwe na usajili wake, kama kuna eksirei kiwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na vyote vikae ukutani usome. Anayekuja nyumbani na begi kufunga waya wa meno au kuweka jino la dhahabu chumbani kwako, chumba chake cha nyuma kiko wapi? Ameoshea wapi?

Na uvimbe ukishuka chini ya taya, huwezi kufungua mdomo, kumeza kunakuwa kugumu, ulimi unanyanyuka, hapo usisubiri asubuhi na usisubiri kikoba kikutane, huo unaweza kuziba pumzi. Usiku huohuo nenda hospitali.

Mama uliyenyoosha mkono pale mwanzo, nilisema nitarudi kwako. Uliuliza wapi na walikujibu nini? ... Walikwambia subiri nje. Basi Jumatano njoo kwetu na wenzio wowote, saa nane mchana wagonjwa wamepungua, nitawapeleka nyuma, mtashika pakiti kwa mikono yenu, mtaona beseni, daftari na mashine, na koleo nitalifungua kwenye taa mliangalie.

Naona na wewe dada wa kitambaa cha bluu mkono wako uko juu toka nilipotaja dawa za moyo. Simama dada yangu, uliza.